Kuchagua vifaa vya pc ya gemu ukiwa Dodoma: anza na ukuta, sio na prosesa

Mdogo wangu mmoja, mtoto wa mamkubwa, yuko chuo kikuu cha Dodoma, UDOM, mwaka wa pili. Jumapili moja kaja geto kwangu Nkuhungu na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, ndani kaorodhesha vifaa vya pc ya gemu anayotaka kujenga. Juu kabisa kaandika i7, yani prosesa, ule ubongo wa mashine, na kuipigia mstari mara mbili, chini yake ram 32, kwenye kadi ya grafiksi kaweka alama ya kuuliza, alafu mwisho kabisa pembeni ya pawasaplai, kile kiboksi kinacholisha umeme mashine nzima, kaandika neno moja tu, "yoyote".

Nikamuuliza yoyote maana yake nini. Akasema, "si ya kuwashia tu bro."

Sasa wakuu hiyo "ya kuwashia tu" ndo imenikalisha chini niandike, maana ni kosa nimeliona kwa watu wengi wa huku na mimi mwenyewe nililifanya kwenye mashine yangu ya kwanza, mtu anaanza na prosesa kwa sababu ndo jina analolijua, hela inaishia katikati, vilivyobaki anaokoteza. Mi nachagua kinyume. Naanza na ukuta na monita, yani pale umeme unapoingia na pale picha inapotokea, vya katikati hapo karibu vyote vinajichagua vyenyewe.

Hatua ya 1: andika gemu zako na monita yako

Usiandike "gemu zote". Andika tatu au nne unazocheza kweli. Mtu wa mpira na GTA V, gemu ambayo kwenye pc iko toka 2015, mahitaji yake sio sawa na mtu anayetaka gemu za mwaka huu setingi zote juu. Valorant inakimbia hata kwenye mashine ya kawaida, ila ukiwa na Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya ulinzi vilivyomo kwenye mashine, viwe vimewashwa, kwahiyo madabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) la zamani sana litakukwamisha hata kama kadi yako ni kali.

Alafu monita. Hapa watu wanapita haraka wakati ndo inaamua ukubwa wa kadi utakayonunua. Monita ya 1080p ina nukta kama milioni 2, ya 1440p kama milioni 3.7, ya 4K milioni 8.3, na kadi inazichora zote upya kila fremu, kwahiyo ukiruka kutoka 1080p kwenda 4K umeiongezea kadi kazi mara nne kwa gemu ileile. Kwa bajeti za wengi wetu 1080p inatosha kabisa, na bora 1080p ya Hz 144, yani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, kuliko 4K ya Hz 60 kama unacheza gemu za kupigana risasi.

Kama una monita ya zamani yenye tundu la VGA tu, lile la bluu lenye pini 15, jua kadi mpya hazina hilo tundu. Utahitaji adapta inayobadilisha mawimbi, sio waya wa kuunga tu. Dogo alikuwa na monita ya hivyo ya mtumba, tukaamua aiuze kwa mtu wa steshenari aongezee.

Hatua ya 2: angalia ukuta

Umeme wetu ni volti 230. Hiyo namba ni ya kwenye karatasi, mtaani kwako jioni watu wakiwasha pasi na majiko inaweza kushuka, na ukikatika ukirudi unarudi kwa kishindo. Hicho kishindo ndo kinaua vifaa, sio kule kukatika kwenyewe.

Kwahiyo kabla ya kununua chochote fanya mambo mawili. La kwanza muite fundi umeme apime kama soketi ya chumbani kwako ina ethi ya kweli, yani waya wa kwenda ardhini, nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu ila la juu halijaunganishwa popote, ukigusa keisi ya chuma mashine ikiwa inawaka unasikia kama chungu wadogo wanatembea kwenye vidole. Ukisikia hivyo usizoee. La pili tenga hela ya UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, kwenye bajeti ileile, isiwe "nitanunua baadae", maana hiyo baadae huwa inakuja baada ya madabodi kuungua.

UPS soma wati, sio VA. Ile iliyoandikwa 650VA mara nyingi inabeba wati 360 mpaka 390 hivi, imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Mashine ya kati, tuseme prosesa inayokula wati 75, kadi ya wati 132 kama RX 6600, jumlisha madabodi, ssd na feni, inafika kama wati 260 ukiwa katikati ya gemu, weka monita wati 25. Inabebeka, ila inabebeka kwa dakika chache tu, kazi ya UPS hapo ni kukupa muda wa kusevu na kuzima, sio kumalizia mechi.

Na luku hesabu kabisa. Wati 285 kwa saa nne ni uniti 1.1 hivi, mwezi mzima kama uniti 34. Kama nyumbani mko kwenye ile bei ya chini ya watumiaji wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu ya hizo umezimaliza wewe peke yako na gemu, kaa na wenzako mkubaliane mapema kuliko kununiana mbele ya mita.

Hatua ya 3: gawa hela

Mgawanyo wangu bila monita uko hivi: kadi ya grafiksi asilimia 35 mpaka 40, prosesa na madabodi kwa pamoja 25 mpaka 30, pawasaplai 10 na usiishushe, kinachobaki ni ram, ssd na keisi. Ukiwa na milioni mbili maana yake kadi ni laki saba mpaka nane, pawasaplai laki mbili. Dogo alivyoona laki mbili kwenye "ya kuwashia tu" alicheka, nikamwambia subiri tutafika.

Kiibodi ya mataa na feni za rangi havimo humo. Vinanunuliwa ukishapata boom, ile hela ya mkopo wa chuo, au usivinunue kabisa.

Hatua ya 4: kujenga au kuchukua mashine ya ofisi ya mtumba

Swali la haki hili, maana zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba ziko nyingi na bei yake inavutia. Unachukua moja, unachomeka kadi, unacheza. Kwa mwenye hela ndogo mi sikatai, ila kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni umbo. Zile nyembamba zinapokea kadi fupi tu, kadi ya kawaida haiingii hata uombe dua. Chukua ile ndefu ya mnara. Wa pili, pawasaplai yake ni ya kwao wenyewe, nyingi hazina waya wa kulisha kadi na plagi ya kwenye madabodi sio ile ya kawaida ya pini 24, kwahiyo huwezi kuibadilisha kirahisi. Njia ya kupita hapo ni kadi inayokula umeme wa kwenye madabodi tu, ule mwisho wake ni wati 75. RTX 3050 ya GB 6 inakula 70, na GTX 1650 zipo zisizo na tundu la umeme wa ziada. Wa tatu ni umri. Ukikuta i7 ya kizazi cha nne wanaiuza kwa kelele nyingi kumbe i3-12100F ya kizazi cha 12 yenye kori (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) nne tu inaipita kwenye gemu vizuri sana. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka rasmi kizazi cha nane kwenda juu. Kwahiyo ukichukua ya mtumba usishuke chini ya kizazi cha nane, namba inayoanza na 8 kama i5-8500.

Hatua ya 5: kadi ya grafiksi

Hapa ndo hela nyingi inaenda na hapa ndo watu wanalizwa.

Kwa 1080p tafuta kadi yenye GB 8 za kumbukumbu yake yenyewe, gemu mpya zinaijaza GB 4 haraka na ikijaa picha inaanza kukwama kwama hata kama namba ya fremu inasoma vizuri. RX 6600 ni kadi ninayoipenda kwa bajeti ya kati, ina GB 8, inakula wati 132 na inataka waya mmoja wa pini 8, kwa umeme wetu hiyo ni faida. RTX 3060 ya GB 12 nayo nzuri, inakula 170, na kama unahariri video au unachezea Blender chukua hiyo. RX 6500 XT iache hasa kama madabodi lako ni la zamani, ina GB 4 na inaongea na madabodi kwa njia nne tu, kwenye madabodi la PCIe 3, yani lenye tundu la kadi la kizazi cha tatu, inapungua nguvu waziwazi.

Mtumba sasa. Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 15, 2022 na kadi zilizokuwa zinafanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni dunia nzima, nyingine zikafika mpaka huku. Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu, chipu huwa inavumilia, kinachochoka ni feni na ule ute wa kupitishia joto. Izungushe feni kwa kidole ikiwa imezimwa, inatakiwa izunguke laini na ikae katikati, ukisikia inakwaruza au inacheza pembeni omba punguzo la bei ya feni.

Feki ni habari nyingine. Kuna kadi za zamani kabisa zimebadilishwa baiosi, ile programu ya ndani ya kifaa chenyewe, zikajiita GTX 1050 Ti, Windows yenyewe inadanganyika inaandika jina hilo. Beba flashi yenye GPU-Z, ifungue pale pale dukani, programu hiyo toka 2018 ikikuta kadi ya hivyo inaandika neno FAKE mbele ya jina. Na RX 580 soma vizuri, kuna toleo linaloitwa 2048SP ambalo sio sawa na RX 580 kamili, sio feki ila nguvu yake imepungua, bei nayo ipungue. GTX 1060 ya GB 3 hivohivo, haijapungua kumbukumbu tu, hata kori zake zimepunguzwa.

Usinunue kadi ambayo hujaiona inacheza dakika 15. Sio kuwaka tu, kucheza. Muuzaji akisema hana mashine ya kupimia pale, mwambie utarudi na yako.

Hatua ya 6: prosesa na madabodi, vinunuliwe kama mume na mke

Dogo alitaka i7. Nikamuonyesha kwamba kwa monita yake na kadi ya daraja la RX 6600, prosesa yenye kori 6 kama Ryzen 5 5600 au i5-12400F inailisha kadi mpaka inashiba, ile hela ya ziada ya i7 ingekaa pale inaangalia tu. Alinuna kidogo, nadhani alishawatangazia wenzake.

Kinachokosesha watu ni soketi, sio ya ukutani, ni lile tundu la prosesa kwenye madabodi. AMD ya AM4 inatumia ram za DDR4 na ndo ya bei nafuu, Ryzen 5 5600 iko humo. AM5 iliyotoka 2022 inatumia DDR5 tu, gharama iko juu ila AMD wamesema wataiendeleza mpaka 2027 na zaidi, kwahiyo ukiwa na uwezo baadae utabadilisha prosesa bila kubadilisha madabodi. Intel soketi ya LGA1700 inachukua kizazi cha 12, 13 na 14, na madabodi yake mengine ni ya DDR4 mengine ya DDR5, soma boksi kabla hujabeba ram maana haziingiliani, hata ule mkato wa katikati hauko sehemu moja.

Herufi ya mwisho nayo isome. Intel yenye F haina grafiksi ya ndani, bila kadi haitoi picha. Ryzen 5 5600 nayo haina ingawa haijaandikwa F, yenye grafiksi ni 5600G. Ryzen 5 7600 inayo ndogo, 7500F haina. Kama unajenga kwa awamu na kadi utanunua miezi mitatu mbele, 5600G inaweza kukuvusha hapo katikati.

Ukinunua madabodi ya B450 ya mtumba muulize muuzaji kama baiosi yake imeshaapdetiwa kwa ajili ya Ryzen 5000, kama haijaapdetiwa utawasha na hutaona kitu, utaanza kulaumu prosesa bure. Na i7 au i9 za mtumba za kizazi cha 13 na 14 ziogope kidogo, 2024 Intel walikiri tatizo la volti lililokuwa linazichosha zikaanza kuangusha gemu, marekebisho ya baiosi yakaja ila prosesa iliyokwisha kuharibika hayairudishi.

Prosesa ya boksi kwa zile mbili nilizomtajia dogo, Ryzen 5 5600 na i5-12400F, inakuja na feni yake, ile inayouzwa bila boksi haiji nayo, kwahiyo ukilinganisha bei linganisha na feni.

Hatua ya 7: ram

GB 16, vijiti viwili vya 8, sio kijiti kimoja cha 16. Viwili vinafungua njia mbili na kwenye gemu utaona tofauti. Madabodi likiwa na matundu manne chomeka la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukishawasha ingia baiosi uwashe XMP, setingi ya kuipa ram kasi yake kamili, bila hivyo ram ya 3200 inaweza kukaa inatembea 2133 au 2400 miaka yote na wewe huna habari. Bei usishangae, mwishoni mwa 2025 ram zilipanda vibaya dunia nzima kwa sababu viwanda vinakimbizana na oda za seva za AI, kwahiyo hapa mtumba wa DDR4 unaoeleweka sio aibu.

Hatua ya 8: ssd

Chukua NVMe, ile ssd ya kasi, ya TB 1 kama hela inaruhusu, GB 500 kama hairuhusu, gemu kubwa za sasa zinavuka GB 100 moja moja. Kijiti cha M.2 kinaweza kuwa NVMe au SATA na vinafanana sana kwa macho, SATA mwisho wake MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha tatu inafika 3500, soma stika. Hard disk ya kuzunguka weka kwa ajili ya muvi tu. Na kwa sisi wa bando, Steam ina sehemu ya kuweka nakala ya gemu kwenye diski ya nje, mmoja anapakua, wengine mnakopi kwake, kila mtu akiwa ameinunua kwenye akaunti yake.

Hatua ya 9: pawasaplai, ile "yoyote"

Nilimchukua dogo mpaka kwenye boksi langu la vyuma chakavu nikamtolea pawasaplai mbili. Nikamwambia shika moja kila mkono. Moja imeandikwa 600W kwa herufi kubwa nyekundu, nyingine 550W. Ile ya 600 ilikuwa nyepesi kama kopo la blubendi lililoisha, ile ya 550 ilimvuta mkono chini. Ndani ya nzito kuna koili na kapasita na bamba za kupoza, ndani ya nyepesi kuna hewa nyingi.

Alafu nikamwambia acha herufi kubwa, soma jedwali la pembeni, safu ya +12V. Prosesa na kadi karibu zote zinakula kwenye hiyo safu. Ile ya 600 ilikuwa imeandikwa ampea 16, zidisha kwa 12 unapata wati 192. Wati 192! Hizo nyingine wamejaza kwenye safu za volti 5 na 3.3 ambazo mashine ya sasa haina kazi nazo sana. Ile ya 550 ilikuwa na ampea 45, hiyo ni 540. Akaacha kucheka.

Kwahiyo tafuta iliyothibitishwa 80 Plus, cheti cha kutopoteza umeme mwingi, iwe na wati 500 au 550 kwa mashine ya kati, +12V yake ikaribie namba ya mbele, na iwe na waya halisi wa pini 6 au 8 wa kadi. Pini 6 inabeba wati 75, pini 8 inabeba 150. Zile adapta za kugeuza waya wa SATA kuwa waya wa kadi usiziguse, plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba mzigo huo, inayeyuka. Na pawasaplai ya waya za kuchomoa usitumie waya za pawasaplai nyingine hata kama zinaingia, upande wa kwenye pawasaplai kila kampuni inapanga pini zake, unaweza kupeleka volti 12 kwenye ssd inayotaka 5.

Kitu kingine na hiki kimenigharimu. Pawasaplai za zamani zilizotoka nje zina swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja 115 upande mwingine 230. Mashine yangu ya kwanza nilinunua pawasaplai ya mtumba, nikafunga kila kitu vizuri, nikachomeka ukutani, sijagusa hata kitufe cha kuwasha, ikalia PAA chumba kizima kikanuka, mama mwenye nyumba akatoka akiuliza nani kapasua taa. Swichi ilikuwa kwenye 115. Angalia nyuma kabla hujachomeka, sekunde mbili tu.

Hatua ya 10: keisi, na vumbi letu

Mtu wa Dar anaweza kuchagua keisi kwa uzuri. Sisi tuna ule upepo wa mwezi wa saba na wa nane, unafagia asubuhi saa nne meza ishabadilika rangi. Keisi yenye kioo mbele iliyozibwa inapika kadi yako ikifika joto la mwezi wa kumi na wa kumi na moja, keisi iliyo wazi kabisa inageuka shamba. Unachotaka ni mbele iwe na wavu na nyuma ya wavu kuwe na chujio linalotoka bila bisibisi, na chini kwenye pawasaplai kuwe na lingine.

Weka feni mbili mbele zinavuta na moja nyuma inatoa. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi linapita kwenye chujio badala ya kujipenyeza kwenye kila upenyo. Mashine isikae sakafuni, iwe mezani au juu ya tofali mbili, na sio chini ya dirisha linaloangalia barabara ya vumbi. Chujio kila wiki mbili kiangazi unalitoa unalikung'uta nje, unalipitisha maji, likauke kabisa ndo lirudi.

Kupuliza ndani watu wanapeleka kwa fundi pancha kwenye kompresa. Naelewa, haraka na buku tu. Ila ile kompresa ina maji kwenye tangi, inatema matone, na presha yake inazungusha feni kasi kuliko ilivyotengenezwa mpaka inavunjika beringi. Ukilazimika, apulize hewani kwanza mpaka matone yaishe, asogeze mdomo wa bomba mbali, na wewe kila feni ishike kwa kidole. Mi natumia brashi ya rangi mpya ya inchi moja na uvumilivu.

Hatua ya 11: kununua na kusafirisha

Dodoma vipande vya kawaida kama ram, ssd na UPS utavipata mjini, kadi na madabodi maalum wengi tunafuata Dar, Kariakoo. Toka treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 mambo yamekuwa rahisi, unaenda asubuhi unapima mwenyewe unarudi jioni na mzigo wako mapajani. Kama unatumiwa kwa basi, kadi isije ikiwa imechomekwa kwenye madabodi, uzito wake pamoja na matuta unang'oa tundu. Itoke, ivikwe mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, iwe kwenye boksi lake. Mwambie muuzaji akupigie video inawaka, serial namba ya kifaa ionekane kwenye video ileile, na risiti ya EFD iandikwe jina kamili la kifaa sio "computer accessories", siku ya kudai waranti utashukuru.

Ukishapata vyote usikimbilie kufunga kwenye keisi. Weka madabodi juu ya boksi lake la karatasi, chomeka prosesa, ram, kadi na pawasaplai, washa, uone baiosi. Kikiwa kibovu kitu utakijua hapo kabla hujafunga skrubu 20.

Dogo alimaliza na Ryzen 5 5600, madabodi la B550, ram 16, RX 6600, NVMe ya 500 na pawasaplai ya 550 yenye uzito wa kueleweka. Alisema anafunga mwenyewe kwake Ng'ong'ona, nisije. Saa tano usiku simu ikaita.

"Bro feni zinazunguka zote, taa zipo, monita inasema hakuna mawimbi. Nadhani prosesa imekufa."

Nikamuuliza waya wa monita kauchomeka wapi. Akasema nyuma. Nyuma wapi, juu kwenye madabodi au chini kwenye kadi?

Kimya kidogo, nikasikia kiti kinaburuzwa, kitu kinachomolewa, kinachomekwa.

"We lala tu bro."